Kabla hujagusa config.hpp: mazungumzo ya jioni kuhusu kutyuni ZeroMQ

Haya jamani tukae, walioko mlangoni huku mbele viti vipo. Leo naongelea faili moja tu. Linaitwa config.hpp, liko kwenye folda ya src ya libzmq, ndo ile laibrari yenyewe ya ZeroMQ ya kufanya programu zitumiane jumbe, iliyoandikwa kwa C++, na ukilifungua utashangaa lilivyo fupi, ni namba chache tu na maelezo yake. Ila namba hizo zinaganda pale unapokompaili, programu ikishaanza kutembea huna la kufanya, ukitaka nyingine unahariri faili alafu unakompaili laibrari nzima upya.

ZeroMQ ilianzia kampuni ya iMatix mwaka 2007, kina Pieter Hintjens na Martin Sustrik, na shabaha yao ilikuwa mifumo ya masoko ya hisa ambako ujumbe ukichelewa kidogo tu pesa imeondoka. Kwa hiyo hizo namba hazikuokotwa, watu walizipima. Mimi nilizichezea bila kupima na nikaumia, ndo maana nipo hapa.

Tuanze na in_batch_size na out_batch_size, manake hizo ndo kila mtu anazikimbilia. Ni ukubwa wa bafa, yaani sehemu ya memori ya kukusanyia data, ya kwanza ya kupokea na ya pili ya kutuma, zote ni baiti 8192. Matoleo mapya ya 4.3 yamezitoa kwenye faili hili na kuziwekea njia nyingine, nitaifikia mwishoni. Kila ukituma kitu kwenye soketi programu inaiita kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi, na huo wito una gharama yake hata kama umebeba baiti tano, kwa hiyo ZeroMQ inakusanya jumbe ndogo kwenye bafa na kuzisukuma kwa send moja. Chukua ujumbe wa baiti 100, ongeza baiti 2 za kichwa chake, kwenye 8192 zinaingia 80. Wito mmoja badala ya 80, si kitu kidogo hicho.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi wanadhani hii ni kama daladala inayosubiri ijae ndo iondoke, yaani ukiongeza bafa basi ujumbe utachelewa stendi. Sivyo kabisa. Hii daladala inapakia waliokuwepo kituoni saa hiyo na kuondoka, hata akiwa abiria mmoja inaondoka naye. Na ZeroMQ yenyewe inawasha TCP_NODELAY ili kernel nayo isiuzuie ujumbe mdogo kusubiri wenzake. Kwa hiyo kama mfumo wako unatuma ujumbe mmoja mmoja kwa mapumziko, hata uweke 65536 hutaona tofauti yoyote, foleni haipo utapakia nini? Faida inakuja pale tu jumbe zinapolundikana kuliko thredi ya I/O, ile inayopeleka na kupokea data kwenye mtandao, inavyoweza kuzitoa.

Na kuna kitu kinanifurahisha sana kwenye hii laibrari: ukituma ujumbe mkubwa, say picha ya kilobaiti 500, na bafa iko tupu, sehemu yake kubwa haikopiwi kwenye bafa, inapelekwa moja kwa moja kutoka pale ilipo kwenye memori. Sasa mtu anaona picha zake ni kubwa, anapandisha out_batch_size mpaka megabaiti moja ili “zienee”, na hapo hapo amejiletea kazi ya kukopi picha ambayo mwanzo haikuwepo! Ameharibu akidhani anatengeneza.

Kosa langu mimi lilikuwa upande wa kupokea. Tulikuwa na sava inayopokea taarifa ndogo ndogo kutoka vifaa vingi, nikapandisha zote mbili hadi megabaiti moja. Kwenye laptop yangu safi kabisa. Lakini bafa hizi ni za kila koneksheni, moja ya kutuma na moja ya kupokea, kwa hiyo ukiwa na koneksheni 1000 umeshafungua mlango wa gigabaiti 2. Na kilichotumaliza hasa kilikuwa kingine, tuliposoma sosi kodi ndo tukaelewa: kuanzia toleo la 4.2 upande wa kupokea unapunguza kukopi, ujumbe unaopewa unaweza kuwa unaelekeza ndani ya bafa ile ile iliyosomwa, na bafa haiachiliwi mpaka ujumbe wa mwisho unaoitegemea ufungwe. Sisi tulikuwa tunashikilia ujumbe mmoja wa mwisho wa kila kifaa, baiti kama mia hivi, na kila mmoja umeng'ang'ania megabaiti yake nzima. Memori ikapanda usiku kucha mpaka prosesi ikauawa, na sisi siku mbili tunatafuta leki ya memori ambayo haikuwepo. Tulirudisha 8192, na ujumbe wa kuhifadhi tukawa tunaukopi pembeni alafu tunafunga ule wa asili.

Namba nyingine nazipitia haraka. Inbound_poll_rate ni 100, yaani soketi ikiwa na jumbe za kusoma inasoma 100 kabla ya kuangalia amri za ndani kama kufungwa kwa koneksheni, ukiipunguza unapoteza kasi ya jumla kidogo ila ile michelewo ya ghafla inapungua. Message_pipe_granularity ni 256, foleni inaomba memori kwa mafungu ya jumbe 256, na kwa zmq_msg_t ya baiti 64 hilo ni fungu la kama kilobaiti 16. Sijawahi kuona sababu ya kuigusa.

Dada pale nyuma anauliza tupime na nini. Kwenye folda ya perf kuna local_thr na remote_thr za wingi, yaani jumbe ngapi kwa sekunde, local_lat na remote_lat za uchelewaji. Zipe saizi ya ujumbe wako wewe, sio saizi uliyoona kwa mtu, na endesha kwenye mashine mbili tofauti zenye mtandao katikati, badilisha namba moja tu kila mara. Na kabla ya yote hakikisha umekompaili na optimization, alafu angalia thredi za I/O, default ni moja, pengine tatizo lako linaishia hapo.

Kaka hapa anasema kwenye 4.3 mpya batch size zinawekwa kwa setsockopt. Kweli, ZMQ_IN_BATCH_SIZE na ZMQ_OUT_BATCH_SIZE, ila ni draft, yaani bado ya majaribio, lazima ukompaili na --enable-drafts. Zikikufaa tumia hizo, unaweka kwa soketi moja inayohitaji na nyingine zinabaki salama.

La mwisho kabla hatujazima projekta: ukishakompaili ya kwako, kimbiza ldd kwenye programu yako uone inachukua libzmq ipi, manake ile iliyoletwa na apt, kisakinishi cha Linux, ikiwa bado ipo kwenye njia utakuwa unapima namba zao zile zile.