Nodi 640 kwenye korosho moja

Dada: Haya karibuni tena jamani, leo tunaongelea kumpa msanii mwenzako kazi yako ya vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaojengwa kwa mistari, aikague, maana kaka hapa alinipa khanga yake aliyoichora kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape na tumeisumbukia wiki nzima.

Kaka: Ndo hivyo dada. Nilikuwa nimekwama nayo, pindo lipo, mji upo, jina lipo, na kwa macho imekaa poa. Nikawatumia watu picha, wote "kali sana kaka", "moto". Nashukuru kwa moyo kabisa, ila sasa nikirudi kwenye kompyuta nibadilishe nini?

Dada: Mi nikamwambia picha sitaki, nitumie SVG yenyewe, lile faili la mchoro, na kama ni WhatsApp itume kama dokumenti. Nikafungua, nikabonyeza Ctrl+5 mpaka rangi zote zikaondoka ikabaki mistari mitupu. Jamani! Ile korosho ya kwenye kona, lile umbo lenye mkia, nikaibonyeza, pale chini ya skrini ikaandika nodi 640, yaani vile vituo ambavyo mstari unapitia. Korosho moja! Nikashika kile kitufe cha kuhariri nodi, zimebanana kama siafu, mstari wenyewe huuoni.

Kaka: Kwa sababu niliipiga picha khanga ya mama nikaitresi, yaani nikaiachia programu iigeuze picha kuwa mistari, sasa programu haijui kwamba ule ni uzi umechomoka kwenye kitambaa, yenyewe inauchora tu, kila uzi na nodi zake.

Dada: Na duara zima linataka nodi 4 tu. Hizi ndo kova, yaani mistari ya kupinda, za Bézier, yule injinia wa Renault, miaka ya 60 huko walikuwa wanachorea bodi za magari, kwa hiyo zimeundwa zitiririke, nodi chache ila mikono yake, ile inayotoka kwenye nodi kupindisha mstari, unaivuta vizuri.

Kaka: Niseme ukweli, niliumia, kazi ya siku nyingi ile. Kilichonisaidia ni kwamba hukufuta kitu. Uliifunga leya yangu, yaani tabaka lenye mchoro wangu, ukafungua yako juu yake, ukachora korosho ileile kwa nodi 6, ukanirudishia faili zote zimo ndani. Nikawa nazima leya yako, nawasha, nazima, nawasha, mkia wangu unatetemeka wako umelala. Hapo hata maneno hayakuhitajika.

Dada: Kazi ya mtu huigusi, unachora pembeni aone mwenyewe aamue. Ila na wewe mara ya pili ulikuja vizuri zaidi, ulikuja na swali, "jina linasomeka mtu akisimama hatua tano?" Basi nikajua naangalia nini, nikasogea nyuma mpaka mlangoni.

Kaka: Ukasema herufi nyembamba, halisomeki. Mi naona nene! Tumebishana kwenye simu weee, kumbe fonti yangu, yaani aina ya herufi niliyotumia, kwako haipo, kompyuta yako imeweka nyingine.

Dada: Yaani mi nakosoa herufi ambazo wewe hukuzichora.

Kaka: Sikujua kabisa. Sa hivi kabla ya kutuma nageuza maandishi yawe njia, yaani mistari ya kuchora tu, Ctrl+Shift+C, yanafika kama nilivyoyaacha. Ila nabaki na nakala ambayo maandishi bado ni maandishi, kwa sababu mama akitaka tubadilishe neno kwenye jina, yakishakuwa njia huandiki tena, unaanza upya.

Dada: Na korosho za kwenye pindo?

Kaka: Zote kloni, Alt+D. Nikivuta mkia wa ile ya kwanza, zingine zote zinafuata zenyewe, raha kweli kuziangalia.

Dada: Basi nitumie leo usiku, nataka nione pale kwenye kona pindo linapokutana na pindo, maana kwenye ile ya mwanzo korosho mbili zilikuwa zimepandana.