Pima Kwanza, Spana Baadaye

Mhadhara kwa wenye magari na wenye nyumba, Dar es Salaam

Wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Nashukuru mmefika, na waliokuja na magari yao nawashukuru zaidi, maana baadaye tutayafungua boneti. Kwanza tukae hapa kivulini tuelewane.

Kila ninapowafundisha watu wasio mafundi, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, ninunue spana zipi?" Wengine wanakuja wameshanunua boksi zima, na ovaroli mpya juu. Mimi huwaambia boksi lisubiri. Kifaa cha kwanza ni hiki nilichoshika, multimita. Asubuhi utapima nayo betri ya gari, jioni utaingia nayo jikoni kuangalia soketi ya friji.

Kwa nini mita? Kwa sababu mwenye gari hafilisiwi na ufundi, anafilisiwa na spea ambazo gari halikuzihitaji. Gari limegoma kuwaka, inanunuliwa betri. Siku chache baadaye limegoma tena, inafungwa altaneta (ile mashine inayochaji betri) ya mtumba kutoka Kariakoo. Bado linagoma. Mwisho wa safari inaonekana ule waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini umeliwa na kutu pale ulipofungwa. Kipande cha msasa kingemaliza kazi. Fundi hakuwa mwizi, alikuwa anabahatisha, na anayebahatisha kwa pesa ya mtu mwingine hana haraka ya kuacha.

Basi tuanze na hiyo betri. Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima. Ukisoma 12.6, betri imejaa. Ukisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Chini ya 12, imekwisha, ichajiwe kwanza kabla hujaihukumu. Sasa mwambie mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita. Namba itashuka, ni kawaida. Ila betri iliyochajiwa vizuri ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hiyo imechoka kweli. Injini ikishawaka, namba ipande hadi kati ya 13.5 na 14.7. Isipopanda, altaneta haichaji, na hapo angalia kwanza mkanda wake, fyuzi na nyaya. Altaneta yenyewe iwe ya mwisho kushtakiwa.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho watu wengi hawakijui. Waya mmoja wa mita uguse nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe, siyo kibanio chake. Waya wa pili uguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Kama njia ya hasi ni nzima, mita itasoma kidogo sana, 0.2 au 0.3. Ikisoma zaidi ya 0.5, umeme unapotelea njiani. Ikisoma volti 1 au zaidi, waache wenye maduka ya betri wale kwa jasho la wengine, wewe chukua msasa.

(Hapa mzee mmoja aliuliza: fundi wake hupima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma, gari lisipozima, altaneta ni nzima. Je, ni sawa?)

Mzee wangu, ahsante kwa kuuliza. Naona wengi wanatabasamu, maana wote tumeiona. Ilikuwa desturi enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo usikubali. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla injini ikizunguka, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi, na zinaweza kuua kompyuta ya gari, redio, au daiodi za altaneta yenyewe. Yaani kipimo kinaharibu kile kinachopimwa. Mwambie kwa heshima, "Fundi, tutumie mita."

Na kwa kuwa tumegusa desturi: kung'oa themostati, kile kizibo kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, "ili injini isichemshe" ni desturi nyingine ya hapa kwetu. Injini isiyo na themostati inakaa baridi kuliko ilivyokusudiwa, kompyuta inadhani bado inapashwa moto, inaongeza mafuta, nawe unalipia kila siku pale sheli. Gari linalochemsha lina sababu. Tafuta feni isiyowaka, rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta kilicholegea. Na kifuniko hicho kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya harusi.

Tuje kwenye taa ya njano ya injini. Siku hizi husikia, "Gari langu limepimwa na kompyuta, kompyuta imesema koili." Kompyuta haikusema hivyo. Chukua mfano wa Toyota IST yenye injini ya 1NZ, naona ziko tatu pale nje. Inamisi, na kisomeo, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kinaonyesha kodi ya hitilafu P0302. Maana yake ni kwamba silinda ya 2 haichomi vizuri. Basi. Sababu inaweza kuwa koili inayoipa plagi umeme wa cheche, plagi yenyewe, nozeli, au mgandamizo mdogo. Injini ile ina koili 4, kila silinda na yake, na zinafanana. Zima gari, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 1, ya 1 uilete ya 2. Futa kodi, tembea kidogo, soma tena. Kodi ikigeuka P0301, kosa limehama na koili, basi koili ndiyo mkosaji. Ikibaki P0302, koili haina hatia. Fanya hivyo hivyo kwa plagi. Hujanunua chochote, umetumia spana ya namba 10 na nusu saa. Tahadhari moja: baadhi ya magari ya soko la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, hayaelewani na visomeo vya bei ya chini, kwa hiyo jaribu kisomeo kwenye gari lako kabla hujakilipia.

Kuna sehemu sitaki mziguse. Nyaya na plagi za njano za airbag. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi. Springi ya shokapu, ambayo imebanwa kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Na hakuna kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hasa kwenye mchanga wetu huu. Tumia stendi, na chini ya stendi weka ubao mpana.

Sasa nyumbani. Mita ni ile ile, ila hapa inaweza kukuua, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Ukitoka kupima ampea, waya mwekundu urudi kwenye tundu la volti. Ukiusahau kwenye tundu la 10A ukaenda kupima soketi, umeunganisha laivu (waya unaoleta umeme) na niuto (waya unaourudisha) moja kwa moja, na mita ya bei ya chini inaweza kulipuka mkononi. Kabla ya kugusa waya wowote zima sakiti breka, kisha pima. Na kabla ya kupima, jaribu mita kwenye soketi unayojua ina umeme. Ukimaliza, ijaribu pale tena. Ukifanya hivyo ndipo ile sufuri unaweza kuiamini.

Soketi inayopata moto ni ugonjwa wa nyumba nyingi, na mara nyingi ni skrubu iliyolegea au mzigo uliozidi. Mzigo unaupata kwa hesabu. Birika la wati 2,200 kwa umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9.6. Pasi ya wati 1,200 inavuta 5.2. Ukizichomeka zote kwenye ekstensheni moja umefika 14.8, na fyuzi ya plagi yake ni 13. Usitegemee fyuzi ikuokoe hapo, maana kwa ziada ndogo kama hiyo inaweza kukaa muda mrefu bila kukatika, huku waya unapata moto. Ekstensheni nyembamba zisizo na fyuzi ya kweli ndizo zinazoyeyuka.

Akina mama mnalalamika Luku inakwisha haraka. Hamhitaji hata kununua kifaa. Kwenye mita ya Luku kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni kumeandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kikimweka mara 1,000 umetumia uniti moja. Zima vyote, acha friji peke yake, hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko. Kama mita ni ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 20 ni wati 180. Zima na friji. Kama kitaa bado kinamweka, kuna kitu kinakula umeme usichokijua, na mara nyingi ni hita ya maji au pampu iliyosahauliwa.

Maji nayo ni hivyo hivyo: funga koki zote, tazama kigurudumu kidogo cha mita ya maji. Kikizunguka, kuna uvujaji, na mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Tia ndani yake rangi ya chakula, subiri nusu saa bila kufulashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka, na kuubadilisha unaweza mwenyewe.

(Kijana mmoja aliuliza kuhusu taa ya LED inayowaka hafifu hata ikizimwa.)

Swali zuri. Mara nyingi swichi imefungwa kwenye niuto badala ya laivu, kwa hiyo ukizima, laivu bado iko juu kwenye holda. Lakini usihukumu haraka, maana nyaya mbili zilizolala pamoja kwa urefu huambukizana umeme kiasi kidogo, nao unatosha kuiwasha LED. Toa taa ukiwa umezima breka, simama kwenye ngazi ya mbao, washa breka, swichi iwe imezimwa, pima kila ncha ya holda dhidi ya waya wa athi, ule unaokwenda ardhini. Ncha moja ikisoma karibu 230 kamili, swichi iko upande usio wake. Ikisoma namba hafifu inayoyumba, ni maambukizo tu. Kuhamisha swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Andika ulichosoma na mahali ulipokisoma, umpe karatasi hiyo akifika.