Mama, Uliwahi Kufanya Kazi Jeshini?

Ndugu zangu, wengi wenu hapa mnahudumia wazee, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Wanawake wa Marekani wapatao 11,000 walitumikia jeshi Vietnam, wengi mno wakiwa wauguzi. Walio hai leo wamevuka miaka 70. Mmoja wao akija kliniki na maumivu ya goti na usingizi wa mang'amung'amu, tunampima presha, tunamwandikia dawa, basi. Hatumuulizi kama aliwahi kuvaa magwanda. Naye hasemi.

Atasemaje? Marubani wa kike wa WASP, kikosi cha wanawake wa Marekani, zaidi ya 1,000, walirusha ndege za kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. 38 wakafa kazini. Wakahesabiwa raia wa kawaida mpaka mwaka 1977! Sheria ya Marekani ya 1948 iliyowapa wanawake nafasi ya kudumu jeshini iliwawekea pia kikomo, wasizidi asilimia 2 ya askari, kikaondolewa mwaka 1967. Mtu aliyezoeshwa hivyo hajitangazi.

Na majibu yake yana uzito. Sigara ziligawiwa pamoja na chakula cha askari wa Marekani hadi 1975. Sigara hudhoofisha mifupa, na baada ya kukoma hedhi mifupa hupungua nguvu kwa kasi. Ongeza goti lililoumia zamani, halafu mwenyewe amefunzwa kuvumilia, halalamiki. Kimyakimya anaacha kutembea. Misuli inanywea, siku moja anateleza bafuni, nyonga inavunjika. Hapo ndipo tunapomwona, tumeshachelewa.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya viungo yenye kujenga nguvu na uwezo wa kusimama bila kuyumba angalau siku tatu kwa wiki. Kwa huyu, goti litibiwe kwanza. Kumwambia tu "fanya mazoezi" ni kumpotezea muda.

Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza kuandikisha wanawake wa miaka 50 hadi 79 mwaka 1993 ulipata zaidi ya 161,000. Waliulizwa kuhusu jeshi, na wapatao 3,700 wakajibu ndiyo. Kuuliza kunawezekana, na hakuchukui hata dakika. Ila msimuulize kama ni askari mstaafu, atakana. Muulizeni kama aliwahi kufanya kazi jeshini, hata ya uuguzi, hata ya ofisini. Akikubali, muulizeni alikuwa wapi, aliumia nini, analalaje. Kisha mwacheni aongee.