Adhana Haimsubiri Mgeni Rasmi

Assalaamu alaykum. Na wenzetu wa upande wa pili, Bwana asifiwe. Wakubwa, shikamooni. Nyie wa kidato cha kwanza mliokaa chini pale nawaona. Tuko Shaabani bado, Ramadhani haijaingia, hamna kisingizio cha kusinzia.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa futari ya shule pamoja na majirani. Walionialika wamenipa nusu saa na karatasi yenye ratiba yao. Nimeisoma. Ina meza kuu, ina risala, ina utambulisho wa wageni, ina keki. Nimetafuta maji ya kunywa, sijayaona.

Sicheki, maana nimeshayafanya hayo mimi mwenyewe. Ramadhani ya 2025 nilikuwa mlezi wa jumuiya ya wanafunzi katika shule moja ya kutwa mkoani Tanga. Futari tuliipanga Ijumaa ya wiki ya mwisho. Kijana aliyeandika ratiba alikuwa makini sana, ila saa ya magharibi aliinakili kutoka mstari wa kwanza wa kalenda: saa 12:42. Mwezi ule ulianza tarehe 2 Machi. Huku kwetu pwani, kati ya mwanzo na mwisho wa Machi, jua huwahi kuzama kwa zaidi ya dakika kumi. Ijumaa ile magharibi iliingia saa 12:31. Mtaniambia dakika kumi na moja si kitu. Muulizeni aliyefunga.

Saa 12:31 mgeni rasmi alikuwa kwenye "mwisho kabisa" yake ya pili. Adhana ikapanda kutoka msikiti wa jirani. Akasita, akatabasamu, akasema, "Namalizia." Watu karibu mia mbili wamekaa kwenye majamvi na hakuna mwenye tende mkononi, kwa sababu tende zilikuwa ofisini ndani ya katoni, ofisi imefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu aliyekwenda kuonesha gari la mgeni pa kuegesha. Uji uko jikoni. Mimi nikawa namtazama mzee mlinzi wetu. Aliinuka taratibu kwenye kiti chake cha plastiki, akaenda kwenye bomba lililo karibu na vyoo vya wavulana, akakinga viganja, midomo ikacheza kidogo, akanywa. Mara tatu. Akajifuta kwa kofia, akarudi getini. Mle shuleni yeye peke yake ndiye aliyefuturu kwa wakati, na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya waalikwa. Orodha niliisaini mimi.

Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema watu wataendelea kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu. Hadithi hiyo imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Sisi tuliwachelewesha wafungaji kwa hotuba iliyohusu, kama mnavyokisia, fadhila za Ramadhani.

Basi ratiba ipangeni kinyumenyume. Andikeni kwanza saa ya magharibi ya siku yenyewe, kisha rudini nayo nyuma: saa ngapi tende ziwe zimeshatandazwa, saa ngapi uji uepuliwe, saa ngapi kuni ziwashwe. Hotuba ziishe dakika 20 kabla, au zisubiri watu waswali na washibe. Mgeni rasmi akichelewa atakuta tunakula, tutamsogezea jamvi. Sijawahi kumwona mtu akikasirika kwa kupewa sambusa.

Halafu mstari. Hapa kwenye karatasi mmeandika "wageni watapanga mstari kuchukua chakula." Haya, tupige hesabu, wa sayansi nisaidieni. Watu 200, mstari mmoja, kila mtu sekunde 15 mbele ya sufuria, na hapo mpakuaji awe hodari na pasiwe na wa kuomba aongezwe mchuzi. Ni ngapi? Dakika 50. Yaani wa mwisho atakula wenzake wanakwenda kuswali isha! Tumieni masinia. Watu watano kwa sinia, masinia 40, yote yako chini kabla ya adhana, kila moja na tende zake 15 na birika la maji. Faida nyingine mtaiona wenyewe: dereva wa bodaboda na mwalimu wa taaluma mikono yao ikikutana kwenye muhogo mmoja, mazungumzo yataanza bila mshereheshaji.

Na kwa kuwa tumeutaja muhogo, twendeni jikoni. Vya nazi vinataka adabu. Mihogo ya nazi ukiipika saa sita mchana ukaifunika ingali moto, magharibi imeshachacha, na mtu aliyeshinda na njaa siku nzima umemtafutia ugonjwa. Menyeni na kuchemsha mapema, sawa. Nazi zikunwe alasiri. Mna mbuzi ngapi? ... Watatu? Mwanangu, nauliza mbuzi za kukunia, hao wa kuchinja waache zizini. ... Mbili? Mbuzi mbili kwa chakula cha watu 200 hazitoshi, azimeni mitaani. Tui jepesi litangulie, tui zito litiwe mwishoni, baada ya saa kumi na moja. Uji wa pilipili manga ndio uwe wa mwisho kuepuliwa.

Nani anaonja chumvi? Wanazuoni wameruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi bila kumeza, ikiwa pana haja. Sisi Tanga tulikuwa na njia rahisi zaidi. Kulikuwa na binti Mkatoliki wa kidato cha tatu, tukampa cheo cha mwonja chumvi, na alikishika cheo kama waziri. Kijiko mkononi, sufuria hadi sufuria: "Hii bado. Hii mmezidisha." Yeye ndiye aliyetuokoa pia kwenye kikao cha pili cha kamati. Alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, sambusa ni za nyama? Sisi Ijumaa ya Kwaresma hatuli nyama." Kimya. Mwaka ule Kwaresma ilianza tarehe 5 Machi, siku tatu tu baada ya Ramadhani kuanza, na sisi tulikuwa tumewaalika wanafunzi Wakristo wote kuja kutazama wenzao wakila. Tukabadilisha, tukajaza samaki. Kama binti yule asingekuwamo kwenye kamati, nisingejua hadi leo.

Msidhani ni sisi tu tunaohangaika hivi. Mwaka 2013, kule London, Omar Salha, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha SOAS, alianzisha futari ndani ya hema, kila apitaye anakaribishwa. Ramadhani ile iliangukia Julai, na kule jua lilikuwa linazama baada ya saa tatu usiku. Machi 2023 futari yao ikaliwa Stamford Bridge, uwanjani kwa Chelsea. Mashabiki wa Arsenal, tulieni.

Sasa picha. Hili nalisema nikiwa mkali kidogo, mnisamehe. Kila mwaka naona picha ya bibi kizee anapokea kilo mbili za mchele, na watu sita wameshika mfuko uleule, wote wanacheka isipokuwa bibi. Kurani, Al-Baqara aya ya 264, imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Pigeni picha masinia, pigeni picha kamati ikikuna nazi. Jirani anayekuja kula ni mgeni wenu, muacheni ale. Na wapo wasioweza kuja: muuza mihogo wa pale nje hawezi kuacha jiko lake, mlinzi hawezi kuacha geti. Hao wapelekewe, tena kabla ya adhana.

Kuhusu pesa sina maneno mengi. Ahadi si mchango. Nunueni kwa kilichomo kwenye daftari, na daftari libandikwe ubaoni kila mtu alione.

Naambiwa muda wangu umekwisha. Moja tu, na hii si "mwisho kabisa" ya yule bwana. Masufuria mnayokodi yanatakiwa kurudishwa kesho yake saa mbili asubuhi, yameoshwa, masizi yametoka. Kwenye karatasi yenu kuna kamati ya mapambo yenye watu tisa. Wa kuosha masufuria sijamwona. Ni nani? Siondoki hapa bila majina mawili.