Akala ya Kushoto

RUKIA: Karibuni tena. Kombo ameandaa mafunzo matatu kuhusu asili ya mafuta ghafi, lakini chini ya meza yetu kuna mfuko wa plastiki unaonuka lami.

KOMBO: Huo ni ushahidi, dada yangu. Jumapili, nikitembea ufukweni Bamburi, nilikanyaga donge la mafuta lililoletwa na maji; mguu niliusafisha kwa mafuta ya nazi, lakini akala ya kushoto nimeihifadhi ili ipelekwe maabara.

RUKIA: Watakurudisha nayo mlangoni. Sampuli huwekwa katika chupa safi ya kioo, si katika plastiki.

KOMBO: Zinazotafutwa ni hopani na sterani, mabaki ya bakteria na mwani wa kale, ambazo hudumu hata baada ya jua na vijidudu kuharibu sehemu kubwa ya mafuta, na uwiano wake hutofautiana kulingana na mwamba uliozaa mafuta hayo. Plastiki haitazificha.

RUKIA: Na akala je? Si ni tairi la gari? Mpira wa tairi hukandwa kwa mafuta mazito yenye hopani zake. Shahidi wako ni ndugu wa mshtakiwa!

KOMBO: Basi ahojiwe kwa tahadhari.

RUKIA: Na akala ya kulia, aliyekuwapo pia, mbona hakuitwa?

KOMBO: Yeye hakuona kitu. Tuingie Alaska. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta katika ghuba ya Prince William, wanajiolojia walikuta ufukweni madonge ambayo isotopi zake za kaboni, yaani uwiano wa atomi za kaboni nyepesi na nzito, hazikulingana na shehena ya meli hiyo, bali na mafuta ya mwamba wa Monterey, California. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba matangi ya lami na mafuta yaliyoagizwa kutoka California yalipasuka katika tetemeko la 1964. Kemia iliwatenga wahusika.

RUKIA: Ilitenga miamba, Kombo. Meli mbili zikipakia mafuta ya kisima kimoja, kemia itakuambia yalikozaliwa, wala haitakuambia mkono uliomwaga.

KOMBO: Lakini kila tangi lina masalia ya shehena zilizotangulia, na mchanganyiko huo ni sahihi ya meli. Linganisha donge na tangi, kesi imekwisha.

RUKIA: Haijaisha. Bila rekodi za safari na mikondo ya bahari, simfungi mtu kwa kufanana.

KOMBO: Mimi namfunga.

RUKIA: Ndiyo maana hukuwa hakimu.

KOMBO: Wala wewe hukukanyaga donge.

RUKIA: Fundi mitambo anatuonyesha dakika moja. Mafunzo yako matatu?

KOMBO: La kwanza peke yake lina sehemu nne.

RUKIA: Basi yabaki. Wasikilizaji, mkikanyaga lami, pakeni mafuta ya nazi na msugue taratibu. Kombo, ondoka na shahidi wako.

KOMBO: Nitaondokaje, nawe umeketi juu ya kamba ya mfuko?