Mbona kila video mahali tofauti? Jibu langu kwa watu wa Malindi

Assalaam alaykum, watu wangu wa Malindi. Shella, Barani, Maweni, na jamaa zetu wa Mambrui ng'ambo ya Sabaki, hamjambo? Hapa Arizona, Marekani, ni saa mbili asubuhi, huko kwenu ni saa kumi na mbili jioni na magharibi yakaribia, basi sitawaweka sana.

Mwaniuliza kila mara: mbona nyuma yako kila video pana mahali tofauti? Hatuko matembezini. Hatuna nyumba tena. Mimi, mume wangu na watoto twaishi ndani ya trela hili mnaloliona, nyumba ndogo ya magurudumu, twalivuta kwa pikapu, tangu mume wangu apunguzwe kazi kwenye ghala mjini Phoenix.

Najua Malindi kupoteza kazi si jambo geni. Masika yakianza hoteli zafungwa, wapishi na wahudumu waambiwa wangoje mpaka wageni warudi. Ni dhiki, tena kubwa. Lakini yule aliyeambiwa angoje ana kwa mamake, pana chumba, pana sahani. Huku kazi haiondoki peke yake. Kodi ikichelewa, sheria ya Arizona yamruhusu mwenye nyumba akupe notisi ya siku 5: ulipe au utoke, la sivyo mahakamani. Na bima ya afya nayo, kwa kuwa wengi huipata kwa mwajiri. Waweza kuendelea nayo hadi miezi 18, ila sasa ulipe wewe yote, pamoja na ile sehemu aliyokuwa akitoa mwajiri, na hata asilimia 2 juu yake. Mshahara umekatika, na bili ndiyo kwanza yapanda! Na mimi nina mtoto mwenye pumu. Hiyo barua ya bima iliniumiza kuliko barua ya kazi.

Tukakaa tukapiga hesabu, tukaona kitakachotumaliza ni kodi. Tukauza samani, tukanunua trela lililotumika, tukatoka kabla hatujatolewa.

Twalala wapi? Serikali kuu ya Marekani ina ardhi kubwa mno upande huu wa magharibi. Ofisi moja tu, ya usimamizi wa ardhi ya umma, yasimamia takriban ekari milioni 245. Sehemu nyingi zake waruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida siku 14 katika kila siku 28, kisha uhame. Huna mfereji, huna umeme, huna choo ila ulichokuja nacho. Wakati wa baridi twakaa jangwani karibu na mji mdogo wa Quartzsite, ambako trela hukusanyika kwa maelfu. Joto likivuka digrii 40 twapanda Flagstaff, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye misonobari. Mabaharia wetu walifuata kaskazi na kusi, nasi ndivyo tuhamavyo.

Kazi kubwa ni maji. Tuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na kuoga, na la choo. Hilo la choo halimwagwi porini hata kidogo, lazima ulipeleke kwenye kituo chake, na mara nyingine ulipe. Kwa hiyo twaoga kwa kata, kama kwa bibi. Umeme ni wa sola, jiko ni la gesi. Mume wangu anafanya vibarua vya kutengeneza matrela ya wenzetu.

Watoto nawasomesha mwenyewe. Nimepeleka kiapo cha maandishi kwa msimamizi wa shule wa kaunti, kama sheria inavyotaka: kusoma, sarufi, hesabu, sayansi na masomo ya jamii. Kurani ni baada ya alfajiri. Wanajifunza vizuri, mashallah. Wanachokosa ni rafiki wa kudumu. Wakizoeana na mtoto wa trela jirani, siku zimekwisha, mmoja ahama. Hapo moyo wangu hauna jibu.

Wengi mtasema, basi rudini. Wallahi natamani. Lakini sisi tuna grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, bado si raia. Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, wanaweza kuhesabu umeiacha. Hata miezi 6 ikipita, ile miaka 5 ya kungojea uraia yaweza kukatika ukaanza upya. Na karatasi hizi zimetutoa jasho. Wewe unayetamani loteri ya viza ya Marekani, au unayetaka kuuza shamba umpeleke mwanao, ukimpigia jamaa yako aliye huku usimuulize nyumba yake ina vyumba vingapi. Muulize bima analipiwa na nani, na kazi ikikatika ana akiba ya kodi ya miezi mingapi.

Tumebakisha kidogo, inshallah. Uraia ukitoka trela hili tutaliuza, tiketi tukate. Mama, kile chumba cha uani usimpangishe mtu.