Ghala la Chuma

Wazazi na walimu, asanteni kwa kuja. Nianze na neno la zamani: safura. Asili yake ni Kiarabu, lina habari ya unjano, na wazee walilitumia kwa mtu aliyepauka, anayehema kwa kazi ndogo, anayetamani kula udongo. Hawakukosea. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu huweza kuwa ishara ya upungufu wa chuma, na minyoo tunayoiita ya safura hadi leo inafyonza damu utumboni.

Lakini kutazama kama kiganja kimepauka hakutoshi. Kipimo cha wingi wa damu, yaani himoglobini, kinatupa namba kwa gramu katika desilita moja ya damu: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asishuke chini ya 11, binti wa miaka 12 na kuendelea asishuke chini ya 12. Namba hiyo inasema damu ni pungufu, haisemi kwa nini. Malaria hushusha damu, seli mundu vilevile. Ndiyo maana tunaomba picha nzima ya damu, tuone kama seli ni ndogo na zimepauka, kisha, pale inapowezekana, feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini. Hiyo ndiyo inayotuonyesha ghala la chuma. Kwa aliye chini ya miaka 5, feritini chini ya mikrogramu 12 kwa lita maana yake ghala ni tupu. Kwa mkubwa zaidi ni chini ya 15. Mtoto akiwa na maambukizi feritini hupanda na kutudanganya, kwa hiyo hapo mpaka wetu ni 30 kwa aliye chini ya miaka 5, na 70 kwa mkubwa zaidi.

Kwa nini nasisitiza kupima? Kwa sababu ya Pemba. Huko, katika utafiti, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa kwanza nani ana upungufu, na mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa: waliolazwa au kufariki walikuwa wengi zaidi upande wa chuma. Ila katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, wenye upungufu wa chuma walinufaika. Dawa ni ileile. Penye malaria, chuma kiende pamoja na kuikinga na kuitibu.

Dozi tunayotumia sana ni miligramu 3 za chuma chenyewe kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Angalieni hapo: kidonge cha fera salfeti cha miligramu 200 kina chuma kama 65 tu. Kinyweshwe na maji au juisi ya chungwa, si chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke. Na dawa ifungiwe kabatini, maana mtoto mdogo akizimeza nyingi anaweza kufa.

Baada ya wiki 4 namba ya damu ipande kama gramu 1 kwa desilita. Isipopanda, tunauliza: anakunywa kweli? Binti, je, hedhi yake inazidi siku 7, au anabadili pedi kila saa? Ikishafika kawaida, wengi wanaacha. Hapo ndipo tunapoharibu, kwa sababu ghala bado tupu. Endeleeni miezi 2 au 3 zaidi.

Juisi ya rozela? Kunyweni, ni tamu. Wekundu wake si chuma.

Naona mama pale mbele ameshika chupa ya dawa ya maji. Tuanze na hiyo, tusome pamoja kijiko kimoja kina chuma kiasi gani.